Ajali kubwa ikitokea, nani anakaa na familia? Tunajua kuopoa na kuzika, hapo katikati hakuna mtu

#1 Mzee wa Kivuko
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja.

Kila maafa makubwa yanapotupata kuna mambo mawili lazima yafanyike: kuopoa miili na kuzika. Wavuvi wanaingia majini kabla ya mtu yeyote mwenye sare. Mkuu wa mkoa anafika. Majeneza yanapatikana usiku huohuo, bendera zinashushwa nusu mlingoti. Lakini yule mama aliyesimama getini tangu alfajiri akiuliza "mwanangu yumo au hayumo?" hana wa kumjibu. Askari anamsogeza nyuma ya kamba, mwandishi anamwekea kipaza sauti mdomoni, mheshimiwa anampa pole. Anapewa kila kitu isipokuwa jibu.

Dai langu: tatizo siyo fedha wala vifaa. Hakuna mtu ambaye kazi yake aliyokabidhiwa siku hiyo ni familia tu, basi. Karibuni.

#2 Kipanya Kazi
Nimevuta kiti. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 Chuma cha Reli
Mkuu, hata ukimweka huyo mtu atajibu nini bila orodha? MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, 21 Mei 1996. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, watu 443. Daraja la tatu hakuna karatasi. Na meli yenyewe uwezo wake ulikuwa abiria 430, yaani waliokuwa kwenye orodha peke yao walishapita uwezo. Hadi leo kuna anayesema waliokufa ni 894 na kuna anayesema wamepita elfu. Sasa mkalishe afisa wako pale Mwanza na meza yake, mama kutoka Kemondo aje aulize. Atamwambia nini?

Shida ni orodha. Mengine yote yanafuata.

#4 Msafiri wa Usiku
Naunga mkono #3. Kwenye basi ndiyo usiseme, tiketi inaandikwa "Baba Anna" na safari inaanza. Kaka yangu alipanda kwa tiketi ya jamaa aliyeahirisha safari. Basi likapinduka, likasomwa jina la yule aliyeahirisha. Kwao wakaanza kulia, turubai likafungwa, wakati mwenyewe yuko kijiweni anakunywa supu. Sisi tuliotakiwa kuhangaika tumelala. Kaka tulimpata siku ya pili wodini, paja limevunjika, ameandikwa "mwanaume, hajulikani".

#5 Bodaboda Mstaafu
@Msafiri wa Usiku, na huyo wa supu, supu alilipa?

#6 Msafiri wa Usiku
Alilipiwa na waliokuja kumzika 😂

#7 Mlinzi wa Baridi
Salaam. Mimi nafanya kazi mochwari, mkoa sitautaja. Naona mnazungumzia orodha ya waliopanda. Kwetu kuna orodha ya pili, ya waliofika, na hiyo ndiyo inavurugika zaidi.

Watu wanadhani ndugu akiletwa, akatazama uso, akasema "ndiye", kazi imekwisha. Mwili uliokaa majini, tena maji ya joto kama yetu, baada ya siku mbili tatu uso haufanani na picha yoyote nyumbani. Aliyeungua ndiyo kabisa. Na mtu aliyechoka kusubiri husema "ndiye" ili apate wa kumzika. Mwingine anamwona mumewe kabisa halafu anasema "siye", kwa sababu hajawa tayari. Nimeona yote mawili, na sijamlaumu yeyote.

Utaratibu wa Interpol unategemea vitu vitatu: alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Nguo, pete, simu, kovu ni vya kusaidia tu. Mitumba inafanana, jezi ndiyo usiseme. Lakini usidharau kumhoji mama kwa utulivu. Kuna mmoja nilimuuliza suruali ya kijana ikoje, akaniambia rangi siikumbuki, ila mfuko wa ndani nilimshonea mwenyewe kwa kipande cha kanga, pesa zisianguke. Tukaenda kuangalia mifuko. Hapo ndipo tulipoanzia, na alama za vidole zikaja kuthibitisha.

Cha msingi kuliko vyote ni namba. Mwili mmoja, namba moja, na namba hiyohiyo iende kwenye kifundo cha mkono, kwenye mfuko wa maiti, kwenye picha, kwenye bahasha ya vitu vyake na kwenye daftari. Ikiwa kwenye mfuko tu, mifuko ikibadilishwa umekwisha.

#8 Daktari wa Mtaa
Mlinzi, heshima yako. Ila tukubaliane, hali ya hewa yetu hairuhusu kungoja vinasaba. Miili mia ukiiacha siku nne unatafuta kipindupindu. Serikali ikizika haraka inalinda walio hai.

#9 Mlinzi wa Baridi
@Daktari wa Mtaa hapana. Hilo Shirika la Afya Duniani limelisema miaka mingi: miili ya watu waliokufa kwa ajali, mafuriko au tetemeko haileti mlipuko wa magonjwa. Waliokufa kwa kipindupindu chenyewe au Ebola ni habari nyingine. Harufu ni mbaya, inatisha, lakini harufu siyo ugonjwa. Sisi tunaoshika ndio tunaohitaji glovu na sabuni.

Nakubali friji hazitoshi. Lakini kuna njia ya kati. Morogoro, Agosti 2019, lile lori la mafuta lililolipuka Msamvu: waliokuwa hawatambuliki walichukuliwa sampuli za vinasaba kwanza, ndipo wakazikwa makaburi ya Kola. Ndugu akija baadaye, sampuli yake inalinganishwa na ya marehemu. Unazika haraka bila kumpoteza mtu. Kaburi la mmoja mmoja lenye namba halichelewi kuliko shimo moja la wote.

#10 Bint Wete
Assalaam aleikum. Nimesoma #7 nikasimama kidogo.

Spice Islander, meli iliyozama ikienda Pemba, Septemba 2011. Miili ilipangwa viwanja vya Maisara, watu wanapita kwa foleni wanafunua. Miye nilikwenda na shangazi. Mumewe alikuwa amechukua mzigo wa duka, anarudi Pemba. Hatukumwona Maisara, hatukumwona kokote mpaka leo. Maiti waliopatikana walikuwa 203, na tume ilipokuja kutoa ripoti yake waliopotea walikuwa zaidi ya 1,300. Kwa hiyo ndugu zangu mnaojadili nyuso na vinasaba, wengi wetu hatukupewa hata maiti wa kubishania.

Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, ikaswaliwa, hitima ikasomwa. Aliyekufa maji ni shahidi, tunaamini hivyo na tukapoa kwa hilo. Lakini nyumbani mambo hayakwisha. Shangazi alikuwa na daftari la madeni la duka. Alipokwenda kudai, watu wazima na akili zao wanamwambia, "Tutamlipa mwenyewe akirudi." Hawakumaanisha ubaya, wengine. Wengine walimaanisha. Eda hajui aanze lini. Mirathi haigawiki. Hati ya kifo kila ofisi inamsukumia nyengine, na pahala pamoja, sipataji, aliambiwa alete "ushahidi wa mwili".

Hakuhitaji mtu wa kumfuta machozi, tulikuwepo nyumba nzima. Alihitaji mtu mmoja wa kumshika mkono aende naye ofisi hadi ofisi.

#11 Mzee wa Kivuko
Dada Bint Wete, pole sana. Na hicho ndicho ninachokisema tangu #1.

#12 Kipanya Kazi
Spice ndiyo ile iliyozama karibu na Chumbe ikitoka Dar?

#13 Bint Wete
Hiyo ni Skagit, Julai 2012. Spice ilizama usiku upande wa Nungwi ikienda Pemba. Hata mwaka haujatimia baina yao.

#14 Likoni Kwetu
Poleni ndugu zangu. Niko Mombasa, niseme ya huku Kenya.

Garissa, shambulio la chuo kikuu, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa watu 148, wengi wanafunzi. Miili ilisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, mochwari ya Chiromo, na familia zikakusanywa uwanja wa Nyayo. Pale kulikuwa na mahema, Msalaba Mwekundu, washauri, mabasi ya kuwapeleka mochwari na kuwarudisha. Kwa hiyo Mzee wa Kivuko, kitu unachokiuliza kinawezekana, tumekiona. Lakini mjomba wangu alikuwa ashafika njia ya Garissa akaambiwa geuza, miili imeenda Nairobi. Hema zuri ni lile ambalo mtu anajua liko wapi kabla hajapanda gari.

Halafu Shakahola, ule msitu walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliofunga kula hadi kufa. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, miili ikapita 400, na familia za kwanza kukabidhiwa watu wao pale Malindi ilikuwa Machi 2024. Karibu mwaka mzima, kwa sababu ya hizo hizo DNA mnazozisifu. Mlinzi wa Baridi ana haki kisayansi. Lakini ukae na mtu anayengoja miezi kumi na moja, kila Jumatatu anapiga simu.

#15 Mlinzi wa Baridi
@Likoni Kwetu sibishi. Kungoja ni adhabu. Ila kungoja ukiwa unaambiwa kinachoendelea na kungoja gizani havifanani. Mtu ukimwambia "Ijumaa saa nne nitakupigia hata kama sina jipya", halafu ukapiga kweli, anaweza kulala.

#16 Mwana Igoma
Mimi ni wa Mwanza, makaburi ya MV Bukoba yako mtaani kwetu. Nataka kuwapinga wote kidogo. Mnasema orodha, mnasema friji. Nasema ni woga wa kutamka.

1996 meli imelala kichwa chini, watu ndani wanagonga, nje wanasikika. Ikaamuliwa litobolewe tundu. Hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Wazee waliokuwa pale wanasimulia hadi leo, na ukiwauliza kinachowauma zaidi, wanasema hakuna aliyesimama mbele yao kueleza: tumejaribu hivi, imeshindikana kwa sababu hii. Kila mtu akabaki na maelezo yake. Miaka mingi imepita, maelezo ni mengi kuliko makaburi.

Na MV Nyerere vivyo hivyo. Septemba 2018, kivuko cha watu 101, kikapinduka kinakaribia kabisa gati la Bwisya, waliokufa wamepita 220. Usiku uokoaji ukasimama kwa giza. Pengine kulikuwa na sababu ya haki, lakini waliokuwa ufukweni walijua tu kwamba watu wao wamo ndani na boti zimeondoka. Halafu siku ya nne akatolewa yule fundi, hai.

#17 Chuma cha Reli
Siyo ya nne, mkuu. Kilizama Alhamisi tarehe 20, fundi alitolewa Jumamosi tarehe 22. Alikuwa kwenye sehemu ya injini iliyobaki na hewa.

#18 Mwana Igoma
Sawa, Jumamosi. Hoja iko palepale. Siku ile kila mke wa Ukara, kisiwa kilipo Bwisya, aliamini mumewe naye yuko kwenye hewa mahali fulani. Nani aliwaambia ni kitu gani bado kinawezekana na kipi hakiwezekani tena? Hakuna. Wakaendelea kukodolea chuma macho.

#19 Afisa Ustawi (mstaafu)
Nimefanya kazi za ustawi wa jamii, nichangie kwa ufupi kisha nirudi kwenye bustani.

Siku hizi ajali ikitokea "washauri nasaha" wanamwagwa. Nia njema. Lakini kuna kosa moja: kumkalisha mfiwa siku ya kwanza asimulie yote aliyoyaona, "autoe uchungu". Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo cha mara moja. Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka, nani hajala, mtoto wa nani yuko peke yake. Sikiliza akitaka kusema, akinyamaza mwache. Muunganishe na ndugu, chakula, simu, taarifa. Anayefanya hivyo si lazima awe na shahada. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza, katekista anaweza, hata muuza vocha.

Wa kulazimishwa kulia ni wachache sana. Wa kutafutiwa chaji ya simu ni wengi.

#20 Jirani wa Ukonga
Kwa hiyo tunarudi palepale: majirani. Naomba niwe mpinzani rasmi wa uzi huu. Sisi hatuna upungufu wa kukaa na familia, tunao wa kupindukia. Msiba ukiingia, kabla jua halijazama kuna turubai, sufuria, daftari la michango, wamama jikoni, wazee wa kuamua. Wazungu wanatunga sheria ili mtu apewe mtu wa kukaa naye. Marekani mwaka 1996 Bunge lao lilipitisha sheria ya kusaidia familia za ajali za ndege, kwa kuwa familia zililalamika kutelekezwa. Huku nani ametelekezwa msibani? Mnataka kuleta afisa mahali ambapo shangazi anatosha.

#21 Bint Wete
@Jirani wa Ukonga shangazi ndiye mfiwa mwenyewe. Na shangazi hana saini ya kutoa hati.

#22 Likoni Kwetu
@Jirani wa Ukonga na msiba wa jirani unategemea mwili uje. Ile ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019, watu 157, Wakenya wengi ndani yake. Familia zilipewa udongo wa pale ilipoanguka wazike huo kwanza, mabaki yakafuata miezi baadaye. Wazee wa matanga wanauliza, tunazika mara ya pili au tunafanya nini? Hakuna jirani aliyekuwa na jibu, hilo halikuwahi kuwapo.

#23 Bodaboda Mstaafu
Hakuna aliyegusa rambirambi. Naona mnazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

#24 Chuma cha Reli
Zilizochangwa kwa MV Nyerere, familia zilipewa sehemu, zilizobaki zikajenga majengo ya Kituo cha Afya Bwisya. Kisiwa kimepata huduma, hilo ni jema.

#25 Bodaboda Mstaafu
Mimi nilitoa buku tano kwa wafiwa, siyo kwa matofali.

#26 Mwana Igoma
Buku tano, na unataka taarifa ya ukaguzi 😂

#27 Bodaboda Mstaafu
Hata buku mbili ningedai. Kama ungewauliza wafiwa wenyewe wakasema jengeni wodi, sawa, nyamaza nami ninyamaze. Je, waliulizwa?

#28 Afisa Ustawi (mstaafu)
Kuna upande mwingine wa hilo. Fedha taslimu ikishuka kwenye nyumba ya marehemu siku ya tatu, hutajua shemeji wametokea wapi. Nimeona mjane akiondoka na mtoto mgongoni na bahasha ikabaki kwa wakwe. Jengo angalau halibebwi. Lakini nakubaliana na swali la mwisho la Bodaboda.

#29 Pemba Muscat
Niko Oman. Usiku wa Spice tulijua kupitia simu za watu, kila mtu na idadi yake. Tulianza kutumiana picha za maiti ili tutambue. Kuna ndugu hapa alimtambua mama yake kwenye simu akiwa kazini, kwenye lifti, na watu wasiomjua. Wala hakuwa yeye. Kwa hiyo kabla ya afisa wa familia, wekeni mtu wa kuzuia kamera.

#30 Kipanya Kazi
Ila bila hizo picha wengine wasingejua kabisa. Serikali ilikuwa bado "inakusanya taarifa".

#31 Pemba Muscat
Na hapo ndipo pagumu. Taarifa rasmi ikichelewa, simu inajaza nafasi. Ungepewa namba moja ya simu ya kupiga kutoka nje ya nchi, nani angefungua picha?

#32 Mwanasheria wa Kijiweni
Nimeusoma wote. Kwa walio katika hali ya shangazi wa Bint Wete: Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua kwamba mwenza asiyesikika kwa miaka mitano anaweza kudhaniwa amefariki. Kenya, Sheria ya Ushahidi inasema miaka saba. Zanzibar mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu yako kwa kadhi, na kadhi huangalia mazingira. Mtu aliyeonekana akipanda chombo kilichozama si sawa na mtu aliyehama mji. Ushahidi wa mazingira ni ushahidi. "Lete mwili" siyo sheria, ni uvivu wa karani.

@Mzee wa Kivuko, sheria ya usimamizi wa maafa ipo, ya 2022, na kamati za maafa zipo kuanzia mkoa kushuka. Huwezi kusema hakuna wa kuwajibika.

#33 Mzee wa Kivuko
Kamati ni watu kumi na tano, mkuu. Mama getini hawezi kuongea na watu kumi na tano. Nimesikia orodha, friji, woga, kamera, rambirambi. Sijaona hata moja inayozuia kumteua mwalimu mmoja, kumvalisha kizibao cha rangi, na kumwambia: wewe leo familia hizi kumi ni zako.

#34 Chuma cha Reli
Na akiulizwa yumo au hayumo?

#35 Mlinzi wa Baridi
Aseme "sijui, nakwenda kuuliza, narudi saa nane." Halafu saa nane arudi.

#36 Chuma cha Reli
Atachoka siku ya pili. Orodha kwanza.

#37 Jirani wa Ukonga
Na kizibao kitaisha kwa mjumbe wa nyumba kumi anavaa sokoni.

#38 Msafiri wa Usiku
Mwanasheria, kuna mama jirani yetu, mumewe alipotelea ziwani kwenye mtumbwi wa mizigo, mwaka wa sita huu, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanataka cheti cha kifo. Aanzie wapi?

#39 Mwanasheria wa Kijiweni
Njoo faragha. Aje na barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa, na mtu aliyemwona akipanda. Kama mwenye mtumbwi yu hai, huyo ndiye wa kwanza kumtafuta.

#40 Msafiri wa Usiku
Mwenye mtumbwi yupo Nansio, ila hapokei simu za mama huyo.

#41 Mwana Igoma
Nipe jina faragha, Jumapili naenda Nansio kwa mnada wa ng'ombe. Atapokea.